Hamira Gani kwa Mvinyo wa Nyumbani? Mwongozo kwa Walioko Moshi na Arusha

Maswali ni yaleyale. "Hii hamira ya maandazi inafaa?" "Nimeletewa hamira ya EC-1118 kutoka Nairobi, ni nzuri kwa ndizi?" "Mbona mvinyo wangu unanuka mkate?" Nimeona niandike mara moja, atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Kwa mwenye haraka: kabla hujauliza hamira gani, jiulize chumba chako kina joto kiasi gani. Wengi huanza na tunda, kisha wanatafuta hamira "ya nanasi" au "ya rozela". Paketi ileile inayokupa mvinyo safi ukiwa Njiro, Arusha, mwezi wa saba inaweza kukupa kitu cha kuchoma koo ukiwa Moshi mjini mwezi wa pili, tunda likiwa lilelile. Joto kwanza, sukari pili, tunda la tatu.

Na kwa wale wa "bibi yangu anapika mbege na hajawahi kununua hamira": ni kweli kabisa. Mbege huchachushwa na vijidudu vya asili vilivyomo kwenye ndizi, kwenye ulezi na kwenye vyombo vyenyewe, na inanyweka ndani ya siku chache. Mvinyo unataka kukaa miezi kwenye chupa bila kuharibika. Ni kazi nyingine, ina vifaa vingine.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kipimajoto cha jikoni. Kile cha homa hakisomi joto la chumba, ila cha kidijitali kitakufaa kwenye hatua ya 6, kwa hiyo kiweke karibu.
- Haidromita, yaani kipimo kinachoelea kwenye juisi na kuonyesha sukari iliyomo, na mtungi wake mwembamba. Ukikosa kila kitu, hiki usikikose.
- Mizani ya jikoni inayosoma gramu.
- Ndoo ya plastiki ya chakula yenye mfuniko, na madumu ya maji ya kunywa ya lita 5. Ndoo iliyokuwa na rangi ya ukuta hapana, hata uioshe vipi. Sufuria ya alumini pia hapana, ukali wa matunda unaila.
- Mpira mpya wa dripu na chupa ndogo ya maji. Ncha moja inapita kwenye mfuniko, nyingine inazama kwenye maji ya chupa. Gesi inatoka, hewa na vijinzi haviingii.
- Metabisulfaiti ya kusafishia vyombo. Ukitumia Jiki, suuza kwa maji yaliyochemshwa hadi harufu iishe kabisa.
- Sukari, ndimu, na hamira ya kawaida ya mkate, hata kama hutaichachushia. Utaona kazi yake kwenye hatua ya 7.
- Daftari.

Onyo moja mapema: juisi ya boksi iliyoandikwa sodiamu benzoeti au potasiamu sorbeti haifai. Vitu hivyo vimewekwa humo mahsusi ili hamira isizaliane. Nimeona watu wakimwaga paketi tatu za hamira ya bei mbaya kwenye juisi ya namna hiyo wakisubiri mapovu.

Hatua ya 1: Pima joto la mahali ndoo itakapokaa

Usipime hewa ya sebuleni. Jaza maji kwenye dumu la lita 5, liweke palepale utakapoweka ndoo, usome joto la maji asubuhi, saa tisa alasiri na usiku, kwa siku mbili tatu. Maji hayayumbi kama hewa, kwa hiyo namba hiyo iko karibu na ile hamira itakayoishi nayo. Kisha ongeza nyuzi mbili hadi tano, kwa sababu juisi inayochachuka hutoa joto lake yenyewe, na ndoo kubwa hulihifadhi.

Moshi mjini uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, Arusha mjini karibu mita 1,400. Tofauti hiyo utaiona kwenye ndoo. Januari hadi Machi mchana wa Moshi unapita nyuzi 30 bila shida. Arusha Juni hadi Agosti usiku unashuka chini ya 15. Aliyeko Marangu au Kibosho ya juu ajihesabu yuko Arusha.

Andika namba ya juu kabisa uliyoipata. Hiyo ndiyo utakayochagulia hamira.

Hatua ya 2: Amua ukali wa kileo

Hesabu ni moja: kila gramu 17 za sukari kwenye lita moja hutoa takriban asilimia 1 ya kileo. Ukitaka asilimia 12, unahitaji gramu 200 hivi kwa lita, yaani kilo moja ya sukari ndani ya ujazo wote wa lita 5. Kwa rozela, ambayo haina sukari yake ya maana, karibu kilo yote unaitoa dukani. Nanasi lililoiva lina yake, mara nyingi zaidi ya nusu ya unachohitaji, kwa hiyo hapo usikadirie: zamisha haidromita, ongeza sukari kidogo kidogo hadi isome 1.090, acha hapo. Ikimaliza kuchachuka chini ya 1.000, una mvinyo wa asilimia 12 na kidogo.

Kosa la kawaida ni kuongeza sukari ili mvinyo "uwe mkali". Kila hamira ina kikomo cha kileo inachoweza kuvumilia. Ukivuka, inakufa na kuacha sukari haijaliwa. Na hata kabla ya hapo, sukari nyingi mno mwanzoni inaidumaza isianze vizuri.

Hatua ya 3: Liangalie tunda

Mambo mawili tu: ukali wake, na chakula cha hamira kilichomo, yaani naitrojeni. Ndizi mbivu, kisukari au nyingine, hazina ukali wa kutosha. Kamulia ndimu hadi juisi iwe na uchachu wa kukufanya umeze mate. Kama una karatasi za kupimia uchachu (pH), lenga kati ya 3.2 na 3.6. Rozela, nanasi na pesheni tayari ni kali. Asali ina ukali mdogo na chakula kidogo mno cha hamira, ndiyo maana huchelewa sana.

Hatua ya 4: Sasa chagua hamira

Hapa ndipo penye kazi. Nataja zile ambazo watu wa huku huzipata kwa kuagiza. Nyingi ni za chapa ya Lalvin, paketi za gramu 5, na paketi moja inatosha ndoo ya lita 20.

*K1-V1116.* Kama uko Moshi na hutaki kufikiria sana, chukua hii. Inafanya kazi kati ya nyuzi 10 na 35, inavumilia kileo hadi asilimia 18, na ina tabia ya kuua hamira za mwituni zinazoshindana nayo. Hiyo ya mwisho ni muhimu kwa anayeponda nanasi au zabibu mbichi bila kuchemsha, maana maganda yanakuja na wageni wao. Harufu ya tunda inabaki vizuri.

*EC-1118.* Hii ndiyo maarufu kuliko zote, na kwa maoni yangu inasifiwa kupita kiasi. Ilitoka kwenye uzalishaji wa shampeni kule Ufaransa. Ni ngumu, haihitaji kulishwa sana, haitoi povu jingi, inafanya kazi kati ya nyuzi 10 na 30 na inafika asilimia 18. Lakini haiongezi ladha yake, na ikiwa juisi yako ni nyepesi utapata mvinyo safi usio na la kusema. Inafaa kwa mambo mawili: mvinyo mkavu kabisa, na kufufua ndoo iliyokwama. Kwa anayependa mvinyo mtamu ni chaguo baya, kwa sababu itakula sukari yote utakayoiwekea.

*71B.* Ilichaguliwa na watafiti wa INRA, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Ufaransa, huko Narbonne, kwa mvinyo wa kunywewa ungali mchanga. Joto lake ni nyuzi 15 hadi 30, kikomo asilimia 14. Siku ya tatu ukifungua mfuniko, inanukia matunda ambayo hukuyaweka humo. Sifa yake nyingine ni kula sehemu ya asidi ya maliki (ukali kama wa tofaa), hivyo inalainisha plamu za Lushoto, matofaa, na zabibu za Dodoma zilizovunwa mapema. Lakini msidanganyike: ukali wa nanasi na pesheni kwa sehemu kubwa ni wa asidi ya sitriki, kama wa ndimu, na huo 71B haiugusi. Ukiitumia kwa pesheni, itumie kwa harufu. Na usiuache mvinyo juu ya mashapo yake kwa miezi, utaharibika ladha, uhamishe mapema.

*D47.* Ya Arusha ya mwezi wa saba, na ya asali. Inatoa mvinyo mlaini wenye uzito mdomoni. Ikipita nyuzi 20 hivi inaanza kutoa vileo vizito vinavyochoma koo na kuuma kichwa asubuhi. Aliyeko Moshi mjini bila friji ya ziada aisahau.

*RC212.* Kwa zabibu nyekundu tu, zile unazochachusha pamoja na maganda ili rangi itoke. Nyuzi 20 hadi 30. Inahitaji kulishwa sana (hatua ya 7), usipoilisha itakunukia yai viza.

*Hamira ya mkate.* Haya, swali lenyewe. Inafaa? Inachachusha, ndiyo. Ni jamii ileile, Saccharomyces cerevisiae. Lakini ilichaguliwa ili itoe gesi haraka, wala si ili ikae na kileo. Mara nyingi inachoka kati ya asilimia 9 na 12, inatoa povu la kufurika, na mashapo yake hayatulii chini: ukigusa dumu tu yanapanda tena kama vumbi. Ile harufu ya mkate inatoka hapo. Itumie kama unajifunza kwa dumu moja la rozela la kunywewa mwezi huohuo, weka sukari ya asilimia 9 au 10 tu, na tafuta sehemu yenye ubaridi. Ukitumia kilo tatu za plamu kutoka Lushoto na hamira ya maandazi, unajipunja mwenyewe. Na hakikisha ni hamira kweli. Baking pauda haina uhai wowote.

Kama namba yako ya hatua ya 1 imepita kikomo cha joto cha hamira uliyonayo, ama badilisha hamira ama punguza joto: ndoo sakafuni kwenye beseni la maji, fulana mbichi juu yake, feni ikipuliza. Hiyo inashusha nyuzi kadhaa. Chupa za maji yaliyogandishwa ndani ya beseni, asubuhi na jioni, zinashusha zaidi.

Hatua ya 5: Nunua na utunze

Kwenye maduka ya kawaida ya Arusha na Moshi utapata ya mkate tu. Ya mvinyo huagizwa Dar au Nairobi, au huletwa na mtu anayetoka nje. Tatizo ni safari: paketi iliyokaa kutwa kwenye buti la basi imepungua nguvu hata kama tarehe bado. Mwombe anayekuletea aibebe kwenye mkoba wake, na ikifika iende friji. Paketi iliyofunguliwa isiwekwe akiba ya msimu ujao.

Hatua ya 6: Iamshe

Usiimwage kavu juu ya juisi, hasa yenye sukari nyingi. Chukua mililita 50 za maji yaliyochemshwa yakapoa hadi nyuzi 35 hadi 40, ile ya maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Nyunyizia paketi ya gramu 5 juu, usikoroge, subiri dakika 15. Kisha koroga taratibu. Utaona uji mwepesi wa rangi ya maziwa yenye chai, na harufu ya mkate mbichi.

Sasa sehemu wanayoiruka wengi wa Arusha. Juisi yako asubuhi ya Julai ina nyuzi 16, uji wa hamira una 36. Ukiumwaga moja kwa moja, sehemu kubwa inakufa papo hapo. Ongeza juisi kijiko kimoja kimoja kwenye uji, ukipumzika dakika chache kila mara, hadi tofauti ibaki chini ya nyuzi 10, ndipo umimine. Zoezi zima lisizidi nusu saa tangu maji yagusane na hamira, kwa sababu ikiamka ina njaa.

Kama uliweka metabisulfaiti kwenye juisi yenyewe, subiri saa 24 kwanza.

Hatua ya 7: Ilishe

Ndizi, rozela na asali zina naitrojeni kidogo, na hamira yenye njaa hunuka. Walioendelea huagiza DAP, chumvi yenye naitrojeni, ya daraja la chakula. Tafadhali sana: DAP ya duka la pembejeo ni mbolea ya shambani, haikutengenezwa iliwe. Jina ni moja, usafi si mmoja.

Kuna njia rahisi. Chukua vijiko viwili vya chai vya hamira ya mkate, chemsha kwenye kikombe cha maji kwa dakika kumi, acha ipoe. Imekufa, na iliyokufa ni chakula cha iliyo hai. Kwa ndoo ya lita 20, weka nusu baada ya saa 24, na nusu iliyobaki weka theluthi moja ya sukari ikishaliwa. Mimina polepole, ukishtua juisi iliyojaa gesi itafumuka hadi darini. Zabibu kavu mnazoambiwa muweke hazina chakula cha maana, zinaongeza ladha tu.

Hatua ya 8: Mkupuo ujao, gawa

Njia ya kuijua hamira ni kuzionja mbili kwa pamoja. Tengeneza lita 10 za juisi moja, gawa madumu mawili, hili K1, lile 71B, yakae pamoja, yahamishwe siku moja. Onja baada ya miezi miwili bila kutazama lebo. Hapo utakuwa na jibu la nyumba yako na ulimi wako, na hutahitaji ya mtu mwingine.

Mambo yakienda kombo

*Saa 36 zimepita, hakuna mapovu.* Kwanza soma haidromita. Mara nyingi inachachuka vizuri, gesi inapita pembeni ya mfuniko. Kama namba haijashuka kabisa, angalia joto, angalia kama juisi ina vihifadhi, kisha amsha paketi mpya.

*Harufu ya yai viza.* Njaa au joto. Lisha kama hatua ya 7, koroga vizuri ikiwa bado siku za mwanzo, poza ndoo. Ikitokea mwishoni, hamisha kwa kumwaga ili ipate hewa mara moja.

*Harufu ya dawa ya kutolea rangi ya kucha.* Joto kali au hamira za mwituni. Ikiwa hafifu hupungua kwa kukaa. Ikiwa kali, mwaga. Usishawishike kuipika gongo: ni kosa kisheria, na ni hatari.

*Harufu ya siki.* Hewa iliingia, au vijinzi. Hakuna hamira itakayoirudisha. Iache iwe siki, kachumbari itaipokea.

*Imekwama kwenye 1.030.* Andaa EC-1118 kwa hatua ya 6 kwenye glasi, ongeza mvinyo uliokwama kiasi sawa na ulichonacho, subiri ichemke mapovu, ongeza tena maradufu, hivyo hivyo hadi iingie ndoo nzima. Ukiitupia paketi moja kwa moja kwenye kileo, inakufa.

*Nataka mtamu.* Acha uishe kabisa, utulie, uhamishe, kisha utie sukari kwenye jagi siku ya kunywa. Anayetaka mtamu wa kwenye chupa atumie sorbeti pamoja na metabisulfaiti, baada ya mvinyo kutakata kabisa bila ukungu.

*Chupa zimeanza kurusha vizibo.* Ulifunga kabla haujaisha. Zifunike taulo nene, zipeleke zote kwenye friji sasa hivi, na zikishapoa ufungue moja moja taratibu, uso ukiwa mbali. Rudisha mvinyo kwenye dumu lenye mpira wa gesi hadi haidromita isome namba ileile kwa wiki mbili.